Ruta Si Pambo la Sebule: Nyumba Kubwa ya Ushago na Wi-Fi Isiyofika Chumbani

Wasee, Disemba inakuja na mimi tayari najua vile itaenda. Mtapanda matatu za usiku, mtafika ushago macho yakiwa mekundu, na kabla hujamaliza kusalimia wazee utakuwa ushaulizia paswadi. Utapewa. Pale sebuleni net itakuwa moto. Halafu utaonyeshwa chumba chako, kile cha mwisho kabisa kwenye korido, na ukifunga mlango simu itabaki na kamstari kamoja. Ukikaa kitandani hata hako kanaenda.

Kila mtu husema hiyo ni "netwaki ya ushago". Nakataa. Kwa boma nyingi siku hizi netwaki imefika. Imefika mpaka sebuleni, imekaa kwenye kochi lenye vitambaa, imekataa kuinuka. Shida iko ndani ya nyumba. Mtu anajenga vyumba vinane, anapitisha mabomba ya maji kila mahali, anavuta stima mpaka choo cha nje, halafu anasahau kabisa kwamba intaneti pia inahitaji njia ya kupita. Na mimi nasema hivi: kwa nyumba kubwa ya mawe, acheni kununua ruta yenye nguvu zaidi. Vuteni waya. Tena kinachotuzuia kuvuta waya si pesa. Ni kwamba anayeamua ruta ikae wapi si yule anayeishi kwa hiyo nyumba.

Nitaongea kuhusu Kakamega kwa sababu ndiko kwetu na ndiko nimepanda ngazi, lakini wewe wa Murang'a, Kisii ama Siaya utajiona tu.

Sina digrii, niseme mapema. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kozi yenyewe ilikuwa ya ualimu, haikuhusu mawimbi hata kidogo. Nilichonacho ni krimpa, kisu, ngazi ya kuazima, na ukoo mkubwa ambao kila mtu akijenga ananipigia simu akishamaliza kupaka rangi. Hapo katikati ya kushuti video na kuediti, nimefunga Wi-Fi kwa nyumba sita za jamaa zangu. Zote zilikuwa na ugonjwa mmoja.

Angalia hizo nyumba zenyewe. Ukuta wa nje ni jiwe la inchi tisa, wa ndani ni inchi sita, na plasta pande zote mbili. Mlango ni wa chuma. Dirisha lina grili. Kama ni ghorofa, katikati kuna slabu ya simiti imejaa vyuma. Juu ni mabati. Yaani mzee amejijengea benki. Sasa Wi-Fi ni redio tu, na ni redio dhaifu. Ruta ya nyumbani mara nyingi inatoa hewani kama sehemu moja ya kumi ya wati. Kila ukuta wa mawe unachukua kodi yake. Bati na mlango wa chuma hazichukui kodi, hizo zinarudisha msafara ulikotoka.

Ukitaka kujua hali ya nyumba yenu, usihesabu mistari kwenye simu, hiyo mistari inadanganya. Kama una Android, pakua programu yoyote ya bure ya kupima nguvu ya Wi-Fi. Itakupa namba hasi. Karibu na -50 ni fiti kabisa. Ikifika -67 bado simu ya video inashika bila kukatika. Ikifika -80 hapo ni maombi tu. Halafu zunguka nyumba nzima, na uzunguke milango ikiwa imefungwa, kwa sababu hakuna mtu analala mlango wazi. Kwa baba mdogo nilipata -42 sebuleni, -63 koridoni, -79 chumbani kwa kukhu. Kwenye simba, kile kijumba cha vijana kule karibu na geti, jina la Wi-Fi halikuonekana hata kidogo.

Huyo baba mdogo ndiye mfano wangu mzuri, na anisamehe. Anaishi Nairobi. Kwa ile nyumba analala labda mara nne kwa mwaka: Pasaka, likizo ya Agosti, Disemba, na matanga yoyote yakitokea. Yeye ndiye hulipa net kila mwezi, heshima yake. Fundi wa kampuni alipokuja kufunga, aliuliza ruta iwekwe wapi, na baba mdogo akaonyesha pale chini ya tivi, ndani ya kabati la vioo, katikati ya vikombe vya harusi. Juu yake mtu akaweka kitambaa. Sitanii. Ruta ilifunikwa kama bibi harusi.

Watu walipolalamika, alinunua ruta kubwa yenye antena sita, kama panzi aliyelala chali. Mistari kwenye simu iliongezeka kidogo. Spidi chumbani haikuongezeka. Alikasirika, akasema amelaghaiwa. Hakulaghaiwa, ni vile hakuna mtu alimweleza kwamba Wi-Fi ni mazungumzo ya watu wawili. Fikiria emsii wa matanga ana spika kubwa. Wewe uko ng'ambo ya pili ya mto na unamsikia vizuri akitangaza jina lako uje utoe rambirambi. Jibu kutoka hapo ulipo tuone kama atakusikia. Ruta kubwa ni huyo emsii. Simu yako haina spika, ina sauti yake ndogo ya kawaida, na kuta ni zile zile kwenda na kurudi.

Kisha akanunua ripita. Ripita ikachomekwa wapi? Chumbani kwa kukhu, kwa sababu ndiko net haifiki. Bana. Ripita hurudia kile inachosikia. Ukiiweka mahali hakuna kitu cha kusikia, itarudia ukimya kwa sauti kubwa. Inafaa ikae katikati ya njia, mahali ambapo net bado iko hai. Na hata ukiiweka sawa, zile za bei rahisi hutumia redio moja kusikiliza na kuongea, haziwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja, kwa hivyo spidi inakatwa karibu nusu. Weka ripita nyuma ya ripita uone vile mambo yataenda kinyonga.

Kuna wale watasema nunua meshi, vile vifaa viwili vitatu vyeupe vinavyosaidiana. Sivichukii. Lakini uliona wapi tangazo lake? Ushauri mwingi tunaokula YouTube unatoka Marekani, na huko nyumba nyingi zimejengwa kwa fremu za mbao na ukuta wa bodi ya jipsamu. Ukuta kama huo ni pazia. Ukileta vifaa hivyo kwa jiwe la inchi tisa na uviache viongee vyenyewe kwa vyenyewe hewani, vinaugua ugonjwa ule ule wa ripita, ila kwa bei ya ng'ombe. Kinachovifanya viwe vitamu ni kuviunganisha kwa waya. Na ukishavuta waya, hata vifaa vya kawaida vinatosha.

Kitu kingine tunabeba kutoka mjini bila kufikiria ni hii ya "tumia 5 GHz". Ukiwa Roysambu kwenye ghorofa, hiyo ni kweli. Masafa ya 2.4 yamejaa ruta za majirani arobaini, kila mtu anapiga kelele kwa chaneli ile ile. Lakini ushago jirani yako ni migomba. Hakuna kelele. Na 2.4 hupenya ukuta vizuri kuliko 5. Kwa hivyo kule nyumbani, chumba cha mbali kipe 2.4, ichague chaneli 1, 6 ama 11 na uiache hapo, halafu 5 ibaki ya wale wanaokaa karibu na ruta. Hii ni bure kabisa, na nyumba mbili kati ya zile sita ilitosha kuondoa nusu ya malalamiko kabla sijafungua hata begi la vifaa. Hiyo, na kutoa ruta kwenye kabati la vikombe.

Haya, waya sasa.

Kebo ya kawaida ya netwaki, Cat5e ama Cat6, inabeba gigabiti moja kwa sekunde mpaka mita 100. Ukuta haiujui. Mvua haiijui. Inatoka kwa ruta, inapanda juu ya silingi, inatembea huko gizani na panya, inashuka pembeni mwa chumba cha mbali, na pale mwisho unaweka kifaa cha pili kinachotoa Wi-Fi mpya, yenye nguvu, ndani ya hicho chumba. Ukikipa jina lile lile na paswadi ile ile, simu itahama yenyewe ukitembea. Mita 60 nilizonunua Luthuli zilinigharimu chini ya bei ya mabati matano. Nataja mabati kwa sababu ndiyo sarafu wazee wetu wanaelewa. Hakuna mtu amewahi kuniambia mabati matano ni mengi kwa nyumba ya vyumba vinane.

Mkinunua, kwarueni. Chukua uzi mmoja mwembamba ndani ya kebo, uukwangue kwa kisu. Ukiwa mwekundu mpaka ndani, hiyo ni shaba, lipa. Ukiona weupe, hiyo ni aluminiamu imepakwa shaba juu, inakatika ukiikunja mara mbili tatu na inakuangusha ukienda mbali. Muuzaji atakuambia zote ni sawa. Mwambie kama ni sawa akupe ile nyingine kwa bei ya hii.

Na hicho kifaa cha pili si lazima ununue. Wengi wenu mna ruta ya zamani kwenye droo, ile ya kampuni mliyohama. Ingia kwa mipangilio yake, zima DHCP ili isigawe anwani (kazi hiyo ni ya ruta kubwa), ipe anwani yake tofauti ili zisigongane, halafu chomeka kebo kwenye tundu la LAN, si lile la WAN. Dakika kumi na tano. Kama imefungwa na kampuni hutaweza kuingia, hapo sawa, tafuta ya mtumba.

Sasa kama ni rahisi hivi, mbona haifanyiki? Hapa ndipo najua nitatukanwa kwenye kundi la familia.

Nyumba nyingi za ushago zimejengewa wageni. Zimejengewa Disemba na matanga. Sebule ina viti vya watu ishirini, na mwaka mzima inakaliwa na mtu mmoja anayefuta vumbi. Wanaoishi pale kihalisi wako nyuma: kukhu kwenye chumba chake, msichana wa kazi jikoni, kijana kwenye simba. Hao hawakuulizwa. Ruta ikawekwa mahali mwenye pesa hukaa zile siku zake nne, akitazama habari. Wi-Fi ya nyumba ya ushago inakuchorea ramani ya nani ni mtu na nani ni mtoto wa kutumwa.

Binamu yangu anaishi kwa ile simba. Alimaliza kidato cha nne, hakukuwa na karo, akabaki nyumbani na kukhu. Ndiye hukama ng'ombe, ndiye hupeleka kukhu kliniki. Usiku anafanya kazi za mtandaoni, zile za kusikiliza sauti na kuziandika. Kazi hizo humiminika usiku wetu kwa sababu ndio mchana wa Marekani. Na kwa vile simba ilikuwa kavu, alikuwa anakaa wapi? Nje, kwenye veranda ya nyumba kubwa, chini ya dirisha la sebule, kwa sababu kioo kinapitisha kile jiwe linazuia. Blanketi mabegani, laptopu magotini, mbu. Mlango wa sebule ulifungwa saa tatu usiku kwa amri, hivyo ndani hangeingia. Mgeni mmoja alifika kwa matanga usiku akampa shilingi hamsini akidhani ni soja. Kila mtu alicheka sana. Binamu alicheka pia, lakini mimi niliona vile alizishika hizo hamsini.

Huyu msee mnamwambia nini? Ahamie Nairobi? Akalipe nyumba ya chumba kimoja Kayole ili apate kitu ambacho kiko mita arobaini na tano kutoka kitandani kwake? Tunapiga kelele ati vijana wanajazana mjini. Wengine wanafuata tu ishara ya Wi-Fi.

Na kukhu. Shangazi yangu anafanya kazi Saudia. Hupiga simu ya video akipata nafasi, na nafasi haimwombi mtu ruhusa. Miguu ya kukhu ina shida. Kwa hivyo simu ikiingia, watu wawili wanamwinua, wanampeleka polepole mpaka sebuleni, anakalishwa mbele ya tivi, na pale mbele ya watoto, wageni na jirani aliyekuja kuomba chumvi, anaongea na bintiye. "Uko salama?" "Niko salama, mama." Hivyo tu. Nini kingine atasema? Mambo ambayo binti aliye Saudia angetaka kumwambia mamake si ya sebuleni. Kwangu hii ndiyo sababu kubwa kuliko kazi ya binamu, kuliko video zangu, kuliko Netflix ya mtu yeyote. Siku nilipomaliza kuweka kifaa chumbani kwake, kukhu alipiga simu akiwa amelala, mlango umefungwa. Iliendelea saa nzima. Hakuna aliyejua waliongea nini, na watu walikasirika kidogo.

Najua majibu ya wazee, nimeyasikia yote. La kwanza: "Nyumba yangu haitageuzwa saiba." Baba mdogo aliona waya mwembamba pembeni mwa ukuta akasema umeharibu rangi. Kwenye ukuta huo huo kuna kalenda tatu za miaka iliyopita na saa iliyosimama. La pili ni kwamba vijana wakipewa net kwa simba hawatalala, hawatalima. Hili nalichukua kwa uzito kidogo, kwa sababu kuna kijana wa miaka kumi na tatu atakesha kweli. Kwake ruta nyingi zina ratiba, unaweza kuzima kifaa chake saa nne usiku. Lakini mtu wa miaka ishirini na mbili anayekama ng'ombe saa kumi na moja asubuhi, utamfungia net kama mtoto kwa msingi gani? Kama anaaminiwa na ng'ombe, aaminiwe na Wi-Fi.

La tatu huja kutoka kwa vijana wenzangu: "Si tuweke tu Starlink." Starlink ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023 na imesaidia sana mahali faiba haijafika, sibishi. Lakini ile sahani inaleta intaneti mpaka kwenye nyumba. Kutoka hapo ni ruta na kuta, kama kawaida. Jiwe la inchi tisa halijui kama net imetoka angani ama chini ya barabara. Kuna jirani yetu alinunua, akaweka sahani juu ya paa, ruta yake akaiweka... ndiyo, chini ya tivi. Mtoto wake bado anafanyia kazi za chuo kwenye veranda. Sasa ziko veranda mbili.

Turudi kwa simba, kwa sababu hapo waya wa kawaida una hatari yake na sitaki mtu aungue akisema ni mimi. Mkitoka nje ya nyumba kwenda jengo lingine, msivute kebo ya shaba hewani kama kamba ya nguo. Kakamega mchana wa mvua radi si hadithi. Radi ikipiga karibu, ile shaba inabeba umeme kutoka jengo moja mpaka lingine, na vifaa vya pande zote mbili vinaenda, mtu akiwa ameshika laptopu ni mbaya zaidi. Tumia faiba. Faiba ni kioo, haibebi umeme. Siku hizi unanunua kipande cha urefu unaotaka kikiwa tayari na vichwa, pamoja na visanduku viwili vya kubadilisha, kimoja kila upande. Nilichimba mtaro wa futi moja na nusu, nikapitisha ndani ya paipu ya plastiki ngumu, kwa sababu kuna jembe la kukhu na kuna fuko, na sijui ni nani kati yao hatari zaidi. Mahali mtaro hauwezekani, kuna zile redio mbili zinazoangaliana, lakini lazima zionane uso kwa uso. Migomba ikikua katikati, mazungumzo yameisha.

Stima pia. Ikipotea, ruta inazima hata kama mtandao wa nje uko hai. Ruta nyingi hutumia volti 12 na wati chache tu, kwa hivyo kabetri kadogo ka ruta kanaishikilia kwa saa kadhaa. Lakini kumbuka sasa una vifaa viwili ama vitatu, na kale kasanduku ka faiba pia kanataka stima. Ukiweka betri sebuleni peke yake, umerudi kule kule: sebule ina net, chumba cha kukhu kiko gizani.

Hayo yote ni ya nyumba iliyokwisha. Kwa nyumba inayojengwa sasa hivi ni rahisi mpaka inakera. Fundi wa stima akija kupitisha paipu zake kabla ya plasta, mwambie aongeze paipu nyingine, tupu, kutoka mahali net itaingilia mpaka kila upande wa nyumba, na moja ikitoka nje kuelekea geti. Isiwe paipu moja na stima, iwe yake peke yake. Iachiwe kamba ndani ya kuvutia waya baadaye. Hata kama waya wenyewe utanunuliwa miaka miwili ijayo, njia ipo. Ukingoja plasta ikauke, utakuja kuniita na ngazi.

Wengi wenu wazazi wanajenga saa hii. Nyinyi ndio mnaombwa kutuma picha za vigae na kuchagua rangi ya jikoni. Ulizeni kuhusu hiyo paipu wakati mko kwenye vigae. Na mkiuliza, msianze na TikTok. Anzeni na kukhu.

Shangazi yangu mwingine, wa Mumias, amefika linta wiki hii. Nilimchorea mahali paipu zitapita: korido, vyumba vitatu, simba. Jana alinirudishia mchoro kwa WhatsApp akiwa ameongeza mstari wake kwa kalamu nyekundu, unaotoka nyumba kubwa, unapita nyuma ya banda la kuku, unaishia kwa jikoni la nje lenye kuni na moshi. Nikamuuliza huko net ni ya nani. Akaniandikia: "Yangu. Mimi hukaa huko."